Namna ya kukalibreti gaini ya ditekta za eksirei ngumu wakati darubini ishapaa zamani

Kama umepewa kazi ya kuangalia gaini ya ditekta za darubini ya eksirei ngumu (yaani eksirei zenye nishati kubwa) iliyoko obiti, au we ni mtumiaji tu wa data na unataka kujua zile namba za keV (kipimo cha nishati ya fotoni, keV moja ni eV 1,000) zinatokaga wapi, basi njia ni hii hapa. Mifano mingi natoa kwa NuSTAR ya NASA maana mambo yake mengi yako wazi na ditekta zake ni za aina ambayo utakutana nayo kwingine pia. Ilirushwa Juni 13, 2012, inapima kuanzia 3 mpaka 79 keV hivi, ina moduli mbili zinaitwa FPMA na FPMB, kila moduli ina ditekta nne za CZT (fuwele ya kadmiamu, zinki na teluriamu, unene milimita 2) na kila ditekta ina pikseli 32 kwa 32, kwa hiyo ukijumlisha zote unapata pikseli 8,192 na kila moja ina tabia yake.

Tuanze na gaini yenyewe ni kitu gani. Fotoni ya eksirei ikiingia kwenye fuwele inamezwa, inazalisha elektroni na mashimo (nafasi zilizoachwa na elektroni), kwa CZT ni takriban eV 4.6 kwa kila jozi moja. Fotoni ya 60 keV basi inakupa kama elektroni 13,000, chaji ndogo sana, inabidi ikuzwe na saketi iliyo chini ya pikseli alafu igeuzwe kuwa namba. Hiyo namba sio nishati. Ni namba tu. Ili iwe nishati unaizidisha na slopu alafu unajumlisha ofseti, na hizo mbili, slopu na ofseti, ndo tunazozitafuta hapa. Kwa NuSTAR matokeo yanawekwa kwenye chaneli zinazoitwa PI, kila chaneli ina upana wa eV 40 na chaneli sifuri inaanzia 1.6 keV, kwa hiyo mstari wa chuma wa 6.4 keV (yaani nishati maalumu ambayo atomu za chuma hutoa) unatakiwa ukae chaneli ya 120. Ukikaa 118 ujue kuna kitu.

Mbona isikae tu kama ilivyopimwa maabara? Sababu kubwa ni mionzi. Protoni zinapiga fuwele miaka na miaka, zinaacha kasoro ndani, na elektroni zikipita pale baadhi zinanaswa kabla hazijafika kwenye anodi. NuSTAR ina bahati kidogo, obiti yake imeinama digrii 6 tu kutoka ikweta kwa hiyo ule ukanda mbaya wa mionzi juu ya Atlantiki ya Kusini inaugusa pembeni tu, lakini hata hivyo kwa miaka mingi athari inajilimbikiza. Ikinaswa asilimia fulani ya chaji, kila nishati inashuka kwa asilimia hiyo hiyo takriban, ndo maana uharibifu wa aina hii unaonekana kwenye slopu. Ofseti yenyewe inasogezwa na mambo ya elektroniki, mkondo unaovuja kwenye pikseli, joto na kadhalika. Shika hiyo tofauti vizuri, mbele huko itakuokoa.

Unapima mabadiliko, huanzi upya

Kabla chombo hakijarushwa kila pikseli inapimwa maabara na vyanzo vya mionzi vinavyojulikana nishati zake hadi desimali, kama amerisiamu-241 yenye mstari wa 59.54 keV, kobalti-57 yenye 14.41 na 122.06, na yuropiamu-155. Pale unapata ramani kamili ya pikseli kwa pikseli pamoja na marekebisho ya chaji inayopotea kutokana na kina ambacho fotoni ilimezwa. Angani hutaweza kurudia hiyo kazi, fotoni hazitoshi. Kwa hiyo ramani ya maabara unaiacha kama ilivyo na unachopima ni jinsi ditekta nzima ilivyosogea toka siku ile, ditekta nane, namba mbili kila moja, kwa kila kipindi. Watu wengine wanataka kwenda pikseli kwa pikseli, mi naona ni kujitafutia kelele. Piga hesabu mwenyewe: kwenye 86 keV mstari una upana kama 1 keV kwa nusu kimo, hiyo ni sigma (kipimo cha mtawanyiko) ya keV 0.42, ukiwa na fotoni 400 kwenye pikseli kosa la katikati ya mstari ni 0.42 gawanya kwa 20 yaani eV 21. Kupata fotoni 400 kwenye kila pikseli unahitaji zaidi ya laki nne kwa ditekta moja. Lakini ukikusanya fotoni 10,000 tu kwa ditekta nzima unapata kosa la eV 4. Umeona tofauti.

Mstari unaupata wapi

Huko juu hamna mtu wa kwenda kubadilisha chanzo, kwa hiyo kila misheni ilijipanga mapema na kila moja kwa mtindo wake. Swift iliyorushwa Novemba 2004 ina ditekta 32,768 za CZT kwenye kifaa chake cha BAT, nayo ilibeba amerisiamu-241 yenye ujanja fulani, kila atomu ikitoa alfa kuna kifaa kinaidaka na kuweka alama, kwa hiyo fotoni ya 59.5 keV inayofika wakati ule ule inajulikana kabisa ni ya kalibresheni na haichanganyiki na za angani, wanakalibreti huku kazi inaendelea. ISGRI, ditekta ya darubini ya INTEGRAL, yenyewe ilitumia sodiamu-22. NuSTAR ikachagua njia nyingine, kila moduli ina yuropiamu-155 kwenye kimkono kinachoweza kuletwa mbele ya ditekta ukitaka na kurudishwa ukimaliza. Faida yake ni kwamba chanzo kikiwa kimerudishwa hakichafui uchunguzi, hasara ni kwamba kikiwa mbele hufanyi kazi nyingine yoyote, kwa hiyo muda wa kalibresheni unagombaniwa na wanasayansi wanaosubiri nyota zao.

Yuropiamu-155 ina mistari ya gama ya 86.54 na 105.31 keV. Ikishaoza inakuwa gadoliniamu, na gadoliniamu inatoa eksirei zake, kuna kundi la karibu 43 keV na kuna mistari midogo ya 6.06 na 6.71 keV. Hiyo midogo usiidharau kabisa.

Alafu kuna suala la nusu-uhai, yaani muda wa nusu ya chanzo kuoza. Yuropiamu-155 ni miaka 4.75. Baada ya miaka 10 umebaki na asilimia 23 tu ya ulichoanza nacho, kwa hiyo kipimo kilichochukua siku moja mwanzoni sasa kinataka zaidi ya siku nne kwa kosa lile lile. Panga ratiba ukijua hilo, usije kuomba muda ule ule wa mwaka wa kwanza alafu ukashangaa mbona mistari imekonda.

Ukikosa chanzo kabisa bado kuna mistari ya bure. Ngao ya NuSTAR ni ya fuwele ya CsI, mionzi ya angani ikiipiga iodini inatoa karibu 28.6 na siziamu karibu 31 keV, ziko kwenye data ya nyuma (mionzi isiyotoka kwenye unachokiangalia) ya kila uchunguzi toka siku ya kwanza. Kwa namba ya mwisho sizitegemei sana, zimelaliana na pale kwenye spektra (mchoro wa idadi ya fotoni kwa kila nishati) pamechafuka, ila kwa kuangalia kama kuna kitu kimeruka ghafla zinafaa mno.

Kuandaa data

Hapa nitapita haraka. Toa matukio yote yaliyochukuliwa karibu na ukanda wa Atlantiki ya Kusini. Toa pikseli mbovu na zile zinazopiga kelele. Angalia joto la ditekta kwenye kipindi chote, likiwa limepanda au kushuka kuliko kawaida gawa kipindi au kiache. Chagua tukio la pikseli moja tu, kwa NuSTAR hiyo ni gredi 0. Kwa sayansi ya kawaida watu wanatumia gredi 0 mpaka 26 ambapo chaji iligawanyika kwa pikseli jirani na ikajumlishwa, lakini kila unapojumlisha pikseli mbili unajumlisha na makosa yao na kile kidogo kilichopotelea katikati ya pikseli, sasa kwa kazi ya gaini unataka kitu kisafi.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho hakiko haraka. Data zote za miaka yote zichakate upya kwa faili moja la gaini, lile la mwanzo kabisa, au zima marekebisho ya muda yote. Data ukizichukua kama zilivyo kwenye hifadhi, ya 2013 ilichakatwa na toleo lake na ya 2021 na toleo lingine ambalo tayari lina masahihisho ndani, basi unachopima ni sahihisho juu ya sahihisho na mchoro wako utaonyesha ditekta imetulia vizuri sana kumbe umeshasahihisha tayari bila kujua. Andika jina la toleo kwenye kila faili unalotoa. Kila faili.

Kufiti mstari

Kufiti ni kuuwekea mstari umbo la kihesabu linaloufuata. Usichukue chaneli yenye kimo kikubwa ukasema hapo ndo katikati. Usichukue wastani wa dirisha zima pia. Mistari kwenye CZT haina umbo la kengele safi, ina mkia upande wa kushoto, na mkia unatokana na mashimo kutembea taratibu mno ndani ya fuwele. Fotoni iliyomezwa karibu na anodi, mashimo yake yanabaki pale pale na yanapunguza ishara, kwa hiyo tukio linaonekana na nishati pungufu. Nishati ikiwa kubwa fotoni zinazama ndani zaidi kwa hiyo mkia wa 105 ni mkubwa kuliko wa 6 keV. Marekebisho ya kina yaliyofanyika maabara yanapunguza sana huo mkia ila hayaumalizi.

Ninachofanya ni kengele moja, mkia wa eksponenti upande wa kushoto, na mstari ulionyooka wa data ya nyuma. Kwa 86.54 dirisha la 80 mpaka 95 keV linatosha. Lile kundi la 43 lifiti kwa kengele mbili, moja 42.31 na nyingine 43.00, uwiano wao ukiwa umefungwa maana fizikia ya atomu inajulikana, hii ya pili ndo kubwa, ya kwanza ni zaidi kidogo ya nusu yake.

Sasa mtego uko hapa. Ditekta ikizidi kuharibika na mionzi mkia nao unakua. Ukifiti kwa kengele tupu, mwaka hadi mwaka mkia unaokua unaivuta katikati kushoto, na wewe utaripoti gaini imeshuka zaidi ya ilivyoshuka kweli. Kwa hiyo kwanza fiti kila kipindi huku mkia ukiwa huru, chora mkia dhidi ya muda, ukiona haubadiliki ufunge kwa thamani ya wastani na urudie kufiti. Ukiona unabadilika basi uache huru na ukubali makosa makubwa kidogo. Yote mawili ni sawa, kubaya ni kutokuangalia.

Slopu na ofseti, ugomvi wenyewe

Hapa ndo pana kazi. Una mstari wa 86.54 na wa 105.31, yote miwili mikali na rahisi kufiti, unapata nukta mbili, unachora mstari, unapata slopu na ofseti, safi. Tatizo ni kwamba wateja wako wengi wanaangalia chuma kwenye 6.4 keV. Nukta zako mbili zimeachana keV 18.77 tu na ziko juu huko, wewe unashuka nazo keV 80 kwenda chini. Ni kama kushika fimbo ya mita moja kwa vidole viwili vilivyokaribiana huku mwisho wa pili ukining'inia, kidole kikitikisika kidogo ncha inayumba sana.

Tufanye hesabu. Nishati ya 6.4 ukiitoa kwenye nukta hizo mbili, uzito wa ya kwanza ni (105.31 - 6.4) / 18.77 = 5.27 na wa pili ni kutoa 4.27. Makosa yakiwa sawa kwenye mistari yote miwili, kosa pale 6.4 ni mzizi wa 5.27 mraba jumlisha 4.27 mraba, unapata 6.8 hivi. Kwa hiyo eV 20 za juu zinakuwa eV 136 za chini. Na 136 kwenye 6,400 ni asilimia 2.1, ambayo mtu akiigeuza kuwa kasi ya gesi anapata zaidi ya kilomita 6,000 kwa sekunde. Mtu anaandika makala ya upepo unaotoka kwenye shimo jeusi kumbe upepo wenyewe umeutengeneza wewe kwenye faili la gaini!

Watu wakiona hivyo wanakimbilia upande wa pili, wanafunga ofseti iwe sifuri na kufiti slopu peke yake. Hapo kosa la 6.4 linashuka mpaka eV 1.5, na namba ikiwa ndogo namna hiyo inafurahisha kweli, lakini angalia umelipa nini. Tuseme ofseti imesogea kweli kwa eV 50. Wewe na slopu yako peke yake utaiona pale 86.54 kama mabadiliko ya asilimia 0.058, utasahihisha, na pale juu kila kitu kitakaa sawa. Kule 6.4 utakuwa umesahihisha chini ya eV 4 kati ya 50. Yaani kosa lako la kitakwimu ni dogo na kosa lako la kweli ni kubwa, na hakuna kitu kwenye fiti kitakachokuambia.

Dawa ni kupata nukta ya chini, hata kama ni mbaya. Mistari ile ya 6.06 na 6.71 ni dhaifu na imekaribiana, kwa ditekta yenye upana wa eV 400 hivi pale chini utaiona imegusana miguu, lakini ukiifiti pamoja na umbali kati yao ukiwa umefungwa kwenye keV 0.65, hata ukipata kosa la eV 20 basi kosa lako pale 6.4 ni hizo hizo eV 20 hivi, sio 136. Kundi la 43 liweke katikati kama shahidi. Likikaa kwenye mstari ulionyooka kati ya juu na chini, vizuri; likikataa kwa zaidi ya makosa yake basi ama fiti ina shida ama gaini yenyewe imeanza kupinda, na hapo slopu na ofseti hazitoshi.

Utaratibu ninaoupenda ni kufiti mara mbili: mara ya kwanza slopu na ofseti zote huru, ya pili ofseti imefungwa. Chora ofseti za mara ya kwanza dhidi ya muda kwa kila ditekta. Zikitawanyika kuzunguka sifuri bila mwelekeo, tumia fiti ya pili na roho safi. Zikionyesha mwelekeo unaofanana kwa ditekta kadhaa, hiyo ni ya kweli, iache ndani. Ikiwa ni ditekta moja tu inaenda kivyake, rudi kaangalie pikseli mbovu kabla hujaamini chochote.

Kuweka kwenye faili

Faili la gaini lina safu ya muda, slopu na ofseti kwa kila ditekta, na programu ya kuchakata inachukua tarehe ya uchunguzi na kukisia kwa mstari ulionyooka kati ya vipindi viwili vya jirani. Kwa NuSTAR muda unahesabiwa kwa sekunde toka Januari 1, 2010, na kazi ya kugeuza kuwa PI inafanywa na hatua ya nucalcpi ndani ya programu ya nupipeline. Usiweke kipindi kwa kila kipimo ulichofanya. Kama vipimo vinne vinakaa kwenye mstari mmoja ndani ya makosa yao weka ncha mbili tu, ukiweka vyote vinne unaingiza kelele ya takwimu kama vile ni tabia ya ditekta. Ongeza kipindi pale tu mwelekeo unapobadilika kweli. Kingine, fikiria kitatokea nini baada ya kipindi cha mwisho, maana uchunguzi mpya unaendelea kila siku na faili jipya halitoki kila siku. Kama slopu ilikuwa inashuka taratibu kwa miaka, kuendeleza mshuko huo huo mbele kidogo ni salama kuliko kuikatisha ghafla iwe bapa, ila weka mpaka wa tarehe na uurudie kabla haujapita.

Kukagua kwa kitu ambacho hukutumia

Usikague kwa yuropiamu ile ile uliyofitia, hiyo itakubali tu. Kawaida watu wanaenda Crab, yale mabaki ya nyota iliyolipuka. Spektra yake ni sheria ya kipeo cha karibu 2.1 (idadi ya fotoni inashuka nishati ikipanda, kwa kipeo hicho), nyoofu, inachosha hata, na kwa slopu peke yake haifai sana kwa sababu ukikosea gaini kwa asilimia 1 sheria ya kipeo inabaki sheria ya kipeo yenye mteremko ule ule, kinachobadilika ni kimo tu kwa asilimia 1.1 hivi, ambayo utaisingizia eneo la kioo. Siri iko kwenye kingo za vioo, yaani nishati ambapo uwezo wa kioo kuakisi unabadilika ghafla. Vioo vya nje vya NuSTAR vimepakwa tungsteni na silikoni, vya ndani platinamu na kaboni, na tungsteni ina ukingo pale 10.2 keV na mwingine 69.5, platinamu pale 78.4. Hizo kingo ni za kioo, ditekta hazizijui, kwa hiyo gaini ikiwa imesogea spektra iliyopimwa na modeli ya kioo hazigongani sawasawa, na kwenye mabaki (tofauti kati ya data na modeli) utaona kimwinuko na kibonde vimekaa ubavu kwa ubavu pale pale kwenye ukingo. Kimwinuko kikibadilika upande baada ya kuweka faili jipya ujue umesahihisha kupita kiasi.

Linganisha pia FPMA na FPMB kwenye chanzo kimoja chenye mstari mwembamba. Zilipigwa na mionzi ile ile lakini fuwele ni tofauti, zikikubaliana baada ya sahihisho wakati kabla hazikukubaliana, hiyo ni dalili nzuri kuliko takwimu nyingi. Na kama kuna timu inayofuatilia mistari ya saiklotroni (inayotokana na usumaku mkali wa nyota), mfano nyota ya nutroni Her X-1 ambayo mstari wake uko karibu 37 keV na watu wamekuwa wakifuatilia unavyohama mwaka hadi mwaka, waombe wapitishe data zao kwenye faili lako kabla halijatoka. Kwao asilimia 1 ni karibu keV 0.4, na mwelekeo wa taratibu wa miaka ndo kitu chenyewe wanachotafuta, kwa hiyo wataliona kosa lako la muda haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

Likishapita, litoe na namba mpya ya toleo, eleza ni ditekta zipi zilibadilika na kuanzia tarehe gani, na useme wazi kama uchunguzi wa zamani unahitaji kuchakatwa upya au hapana, maana wengi hawatasoma zaidi ya mstari huo.